Leja Ndani ya Mashine Pepe: Namna ya Kuzitunza Nakala Rudufu katika Vyama vya Mjini

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa makatibu na wanachama wa vyama vya ushirika vya Kariakoo na katikati ya jiji la Dar es Salaam



Usiku wa Jumamosi, tarehe 10 Julai 2021, soko kuu la Kariakoo liliungua. Jengo lile, lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilikuwa limebeba magunia na matenga ya jiji zima kwa zaidi ya miaka 45. Kulipopambazuka Jumapili, wako watu waliokuwa hawana tena kizimba wala mzigo. Kwa mtu wa namna hiyo, mali iliyosalia ni ile tu aliyokuwa ameiweka mahali pengine. Na kwa wengi, mahali pengine ni chama cha akiba na mikopo.

Sasa yafaa lifikiriwe jambo moja ambalo halisemwi mara nyingi katika mikutano. Chama cha wafanyabiashara wa soko huwa na ofisi yake karibu na soko. Ndivyo inavyotakiwa, maana mwanachama anayeuza nyanya au vitenge hawezi kupanda basi kila jioni kwenda kuweka akiba yake Mwenge. Lakini maana yake ni kwamba moto, bomba lililopasuka au jengo lililoporomoka, kama lile la Kariakoo la tarehe 16 Novemba 2024, linaweza kumpata mwanachama na leja yake kwa saa moja. Siku ambayo wanachama wote watakuja kwa pamoja kudai akiba zao ni siku ile ile ambayo kumbukumbu za akiba hizo ziko katika hatari kubwa kuliko siku zote. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa mtaani yawezekana mali na daftari vikaisha pamoja.

Zamani karani wa chama alikuwa na kinga zake. Stakabadhi iliandikwa kwa karatasi ya kaboni: mwanachama akapewa moja, nyingine ikabaki kitabuni. Kasha la fedha lilikuwa na funguo mbili, na funguo hizo hazikukaa mfukoni mwa mtu mmoja. Mwisho wa mwezi urari ulifungwa na nakala yake ikapelekwa nje ya chama. Hakuna aliyeziita kinga hizo ufundi. Ulikuwa ni utaratibu tu wa ushirika. Leo leja imehamia ndani ya kompyuta, na katika vyama vingi kinga zile hazikuhama nayo. Mazungumzo haya yahusu namna ya kuzihamisha.

Kwanza ni vema ieleweke mashine pepe ni kitu gani, kwa kuwa vyama kadhaa vimekwisha kuuziwa bila kuelezwa. Chama hununua seva moja ya chuma, ile inayovuma ndani ya kabati. Juu ya seva hiyo huwekwa programu mwenyeji, kama vile Proxmox, Hyper-V au VMware, na programu hiyo huigawa seva katika kompyuta kadhaa zisizoonekana kwa macho. Moja hubeba leja na hifadhidata yake, nyingine hubeba barua na kumbukumbu za vikao, ya tatu huenda ikasimamia ujumbe wa simu unaotumwa kwa wanachama. Kila moja hujiona kuwa kompyuta kamili yenye diski yake na kumbukumbu yake. Kwa hakika si zaidi ya mafaili machache: faili la diski, na faili dogo la maelezo linalosema mashine imegawiwa nini.

Hapo ndipo penye faida yake. Zamani seva ikifa, fundi alilazimika kusimika kila kitu upya, na kazi hiyo ikachukua siku nyingi. Mashine pepe huweza kunakiliwa yote kwa mkupuo, leja pamoja na programu zake na mipangilio yake, ikafufuliwa juu ya seva nyingine hata ya kampuni tofauti. Lakini hapo hapo pana hasara, kwa kuwa jambo linalonakilika kwa urahisi hunakiliwa ovyo, na tena mtu akishaona neno la kijani kwenye kioo hulala usingizi.

Kosa la kwanza ni kuichukulia snapshoti kuwa ni nakala rudufu. Snapshoti ni alama ambayo programu mwenyeji huiweka ili mashine iweze kurudishwa nyuma mpaka hapo. Ni kitu kizuri kabla ya kubadilisha toleo la programu ya leja; fundi huiweka saa 12 jioni, akabadilisha, akijaribu na kuona kasoro hurudi nyuma kwa dakika moja. Hata hivyo snapshoti haisimami peke yake. Huiegemea diski ile ile ya mwanzo, juu ya chuma kile kile, na diski ikiharibika huharibika nayo. Zaidi ya hayo hunenepa kila siku kadiri maingizo yanavyoongezeka. Watengenezaji wa VMware wenyewe wameelekeza kwamba snapshoti moja isitumike kupita saa 72. Ikiachwa miezi, na kama diski za mashine ni zile zinazogawiwa nafasi kidogo kidogo kwa kadiri ya mahitaji, nafasi ya chini humalizika bila mtu kujua, na mashine zote husimama kwa pamoja, pengine mchana wa mwisho wa mwezi watu wakiwa kwenye foleni.

Ndugu wa kosa hilo ni imani katika diski pacha. Muuzaji humwambia katibu kwamba seva ina diski mbili zinazoandika jambo moja, hivyo hakuna wasiwasi. Ni kweli kwamba moja ikifa nyingine huendelea. Lakini karani akifuta akaunti ya mwanachama kwa bahati mbaya, diski zote mbili huifuta kwa utii ule ule. Na mwizi akiibeba seva, huzibeba zote mbili.

Jambo la pili lataka uangalifu zaidi, kwa sababu kosa lake halionekani mpaka siku ya kuhitaji. Hifadhidata ya leja ni kitu kinachoendelea kuandikwa. Malipo ya mkopo huingia kwanza upande wa fedha taslimu, kisha upande wa mkopo, kisha riba. Nakala ikichukuliwa katikati ya maandishi hayo, hupatikana leja iliyokatwa katikati ya sentensi. Programu nyingi za hifadhidata hujitahidi kujirekebisha zinapofufuliwa, lakini si busara kuweka akiba za watu juu ya kujitahidi huko. Dawa yake ni kwamba ndani ya kila mashine pepe huwekwa wakala mdogo ambaye hupokea habari kutoka kwa programu mwenyeji kuwa nakala yataka kuchukuliwa, naye huituliza diski kwa sekunde chache ili maandishi yaliyo njiani yafike. Katika Proxmox wakala huyo hana budi kusimikwa ndani ya mashine na pia kuruhusiwa katika mipangilio ya mashine hiyo; likifanyika moja bila la pili, hakuna kilichofanyika, na kioo hakitalalamika kwa sauti. Katika Windows kazi hiyo hufanywa na huduma ya kivuli cha diski, nayo sharti iwe inafanya kazi.

Hata hivyo, kwa leja ya fedha, wakala peke yake hatoshi. Yafaa hifadhidata yenyewe iamriwe kila jioni baada ya kufunga kutoa nakala yake kamili katika faili, na ndipo mashine yote inakiliwe usiku. Hivyo chama hupata vitu viwili: nyumba nzima, na kitabu cha hesabu kilichotolewa nje ya nyumba. Ikishindikana kuifufua nyumba, kitabu chaweza kufunguliwa mahali pengine.

Tena wapo mafundi wenye haraka ambao huiunganisha diski ya leja moja kwa moja na mashine, kwa ajili ya kasi, pasipo kuipitisha katika njia ya kawaida ya programu mwenyeji. Diski za namna hiyo mara nyingi huachwa nje ya nakala. Na katika Proxmox kila diski ina alama yake ndogo inayoamua kama itanakiliwa au itarukwa. Katibu si lazima awe fundi, lakini amtake fundi amwonyeshe, diski kwa diski, kwamba ile inayobeba leja haikurukwa.

Sasa nakala imepatikana. Ikae wapi?

Katika mji wa Strasbourg, Ufaransa, tarehe 10 Machi 2021, miezi minne kamili kabla ya moto wa Kariakoo, jengo la seva la kampuni ya OVHcloud liliteketea. Wako wateja waliogundua siku hiyo kwamba nakala zao rudufu zilikuwa katika eneo lile lile. Tarehe 26 Septemba 2025 moto uliozuka kwenye betri katika kituo cha seva za serikali huko Daejeon, Korea Kusini, uliteketeza hifadhi ya kazi za watumishi wa umma yenye terabaiti 858, ambayo haikuwa na nakala nje kwa kuwa ilionekana ni kubwa mno kunakiliwa. Wakubwa hao walikuwa na fedha na wahandisi. Chama cha Mtaa wa Sikukuu au Mtaa wa Narung'ombe kina kabati moja, na mara nyingi betri za inveta zimepangwa chini ya seva, na diski ya nakala imelazwa juu yake. Betri na zihamishwe chumba kingine. Hilo halina gharama ila jasho.

Mafundi wana kanuni iliyoenea kote: nakala ziwe 3 pamoja na ile inayotumika, ziwe juu ya vyombo vya aina 2, na 1 iwe nje ya jengo. Kwa vyama vya hapa mjini neno “nje” lahitaji kufafanuliwa. Duka la ng'ambo ya barabara si nje. Wala si busara kuteremka mpaka Jangwani, maana Bonde la Msimbazi hufurika, na kituo cha mabasi yaendayo haraka kilichojengwa pale kimekwisha kuingiliwa na maji si mara moja. Mahali pazuri ni pale ambapo janga la Kariakoo halifiki: Kibaha, Morogoro, au hata Mbagala, alimradi pana chumba kikavu chenye kufuli na mtu mwenye dhamana.

Na hapa ushirika una njia ambayo mfanyabiashara binafsi hana. Msingi wa sita kati ya misingi saba ya ushirika iliyotangazwa na Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani mwaka 1995 ni ushirikiano baina ya vyama. Chama cha Kariakoo kinaweza kutunza diski ya chama cha Morogoro, nacho cha Morogoro kikatunza ya Kariakoo. Diski mbili zikipishana kila wiki, moja njiani na moja kabatini, gharama yake ni nauli. Ni wazi kwamba diski hiyo lazima iwe imesimbwa, yaani maandishi yake yamefungwa kwa ufunguo wa siri, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakitaka chama kilinde habari za wanachama wake, na diski iliyosahauliwa ndani ya basi haitambui sheria. Ufunguo huo uandikwe katika karatasi, utiwe ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na bahasha zikae sehemu mbili. Ukihifadhiwa ndani ya seva yenyewe, basi siku ya moto chama kitabaki na sanduku zuri lisilofunguka.

Wapo watakaouliza kwa nini nakala isipelekwe tu kwenye wingu kwa njia ya intaneti. Na ipelekwe, ni jambo jema, mradi isiwe ndiyo pekee. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom chini ya bahari zilikatika, na mtandao wa Tanzania na wa nchi jirani ukadorora kwa siku kadhaa. Chama ambacho leja yake yote ingekuwa ng'ambo ya bahari wiki ile kingewaambia nini wanachama mlangoni?

Linafuata suala la funguo, nalo ndilo lenye ukaidi mwingi. Mwanzoni mwa Februari 2023 wahalifu walishambulia maelfu ya seva za VMware duniani wakiyafunga mafaili ya mashine pepe na kudai fidia. Mlango walioutumia ulikuwa umetolewa rekebisho miaka miwili nyuma, Februari 2021. Wenye seva hawakuliweka. Wahalifu wa aina hiyo wakishaingia hutafuta kwanza nakala rudufu wazifute, ndipo wadai fedha. Kwa hiyo mashine inayotunza nakala isifunguliwe kwa neno la siri lile lile linalofungua seva. Afadhali pia itumie mtindo wa kuvuta: yeye mtunzaji ndiye aende kuchukua nakala kwenye seva, na seva isiwe na uwezo wowote wa kuandika wala kufuta kwake. Na ile diski iliyochomolewa na kupelekwa Morogoro haina waya wa kupitia mhalifu yeyote.

Kadhalika, mtu mmoja asishike funguo zote. Kuna vyama ambavyo maneno yote ya siri yako kichwani mwa kijana mmoja anayeitwa “fundi wetu”. Kijana huyo anaweza kuwa mwaminifu kuliko wote, lakini anaweza pia kuugua, kuhama au kuajiriwa Nairobi. Kasha la fedha lilikuwa na funguo mbili si kwa sababu mweka hazina alidhaniwa kuwa mwizi. Mwenyekiti na mweka hazina wawe na bahasha yao.

Kuhusu muda wa kutunza, nakala za siku 7, za majuma 4 na za miezi 12 hutosha kwa kawaida, pamoja na moja ya kila mwisho wa mwaka ambayo isifutwe mpaka hesabu za miaka hiyo ziwe zimekwisha kukaguliwa na kukubaliwa na mkutano mkuu. Vyama vinavyotunza ya jana tu havina kinga dhidi ya kosa linalogunduliwa baada ya miezi mitatu. Na lisemwe wazi: ingizo lililobadilishwa kwa siri mwezi Machi huonekana kwa kuiweka leja ya Februari kando ya ile ya Aprili. Pasipo nakala za zamani, mkaguzi hana cha kulinganisha, na mwanachama anayelalamika hubaki na neno lake tu dhidi ya neno la kompyuta.

Baada ya hayo yote bado chama hakijui kama kina nakala. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake yenyewe ni kuwatunzia wahandisi wa dunia kazi zao, ilimpata mhandisi aliyefuta kwa bahati mbaya hifadhidata yake kuu, gigabaiti zipatazo 300. Walipozikimbilia nakala rudufu, ilionekana kwamba zile za kila siku hazikuwapo: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, ikashindwa kimyakimya, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni snapshoti ambayo mhandisi mmoja aliichukua saa sita kabla kwa shughuli nyingine kabisa. Kampuni ile iliyatangaza yote hadharani, na kwa hilo yastahili sifa.

Kwa hiyo nakala haina budi kufufuliwa kwa majaribio, angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapa pana hatari moja ambayo makatibu waiandike kwa wino mwekundu. Mashine ya leja iliyofufuliwa hujidhani kuwa ndiyo yenyewe. Ina anwani ile ile, ina ratiba ile ile, ina ujumbe uleule wa kutumwa. Ikiwashwa ikiwa imeunganishwa na mtandao wa ofisi, itagombana na ndugu yake, itawatumia wanachama ujumbe wa marejesho waliyokwisha kulipa, na huenda ikapokea malipo ya simu katika leja ambayo kesho yake itafutwa. Kabla haijawashwa, kadi yake ya mtandao ichomolewe katika mipangilio ya programu mwenyeji, au iunganishwe na mtandao wa ndani usiokwenda popote. Ipewe pia jina jingine ili asije mtu akafuta iliyo hai akidhani ni ya majaribio.

Ikishawaka, kazi ya fundi imekwisha na kazi ya mhasibu inaanza. Urari uchapishwe kutoka katika leja iliyofufuliwa, uwekwe kando ya urari uliochapwa jioni ya tarehe ile ile na kutiwa saini. Jumla ya hisa, jumla ya akiba na jumla ya mikopo zilingane hadi senti. Kisha achaguliwe mwanachama mmoja bila kupangwa, aje na kitabu chake cha akiba, na ukurasa wake usomwe mbele yake.

Muda uliotumika, tangu diski ilipofunguliwa mpaka ukurasa uliposomwa, uandikwe. Ukiwa ni saa tano, bodi ijue kwamba baada ya janga wanachama watasubiri si chini ya saa tano, na bado seva nyingine ya kuazima itafutwe. Maandishi hayo yaingizwe katika kitabu cha kumbukumbu za bodi: tarehe ya nakala, mahali ilipotoka, nani alifungua bahasha, jumla zilizosomwa, saa zilizotumika, na saini za watu wawili ambao mmoja wao asiwe fundi. Mkaguzi atakapofika chamani ataomba ukurasa huo, na baada ya kuusoma ndipo ataomba kuonyeshwa seva.